Kumpumzisha Mama kwenye Malisho ya Watibeti: Kimo, Nyumba na Siku za Kukaa

Swali: Ninasoma shahada ya uzamili hapa Chengdu, nchini China, na mwezi wa Julai mama yangu atakuja kunitembelea kutoka Tanga. Ana miaka 61, ni mwalimu mstaafu, anatumia dawa za presha na hali yake ni tulivu. Anatamani kupumzika siku tano katika nyumba ya wageni ya wafugaji wa Kitibeti, kwenye zile nyanda za majani alizoziona katika picha nilizomtumia. Rafiki zangu wananishauri nimpeleke Tagong au Litang kwa kuwa ndiko watu wengi wa Chengdu wanakokwenda; mwingine ananiambia Xiahe. Mahali pa juu kuliko pote alipowahi kulala ni Lushoto. Je, safari hii inafaa, na kama inafaa twende wapi na tujiandae vipi? Sisi ni Waislamu.

Jibu: Ndugu msomaji, safari inafaa, na mama yako amechagua jambo jema. Hata hivyo itakuwa ya mapumziko kwa masharti mawili, nami nayaweka mbele ya mengine yote. La kwanza ni kwamba mlale kwenye kimo cha chini kadiri malisho yenyewe yanavyoruhusu, na mkifikie kwa hatua. La pili ni kwamba mkishafika mkae katika nyumba moja, bila kuhamahama, hata kama rafiki zako watakuambia kuwa mmeacha kuona hili na lile. Nimewaongoza wageni kwa miaka mingi, kwanza Kilimanjaro na baadaye katika nyanda za Watibeti ziitwazo Amdo, na karibu kila mgeni niliyemwona akirudi amechoka kuliko alivyokwenda alikuwa amevunja mojawapo ya masharti haya.

Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Tagong iko karibu mita 3,700, na Litang karibu mita 4,000. Kwa mtu wa kwetu kipimo kilicho rahisi kueleweka ni mlima wetu wenyewe: katika njia ya Marangu, vibanda vya Mandara viko mita 2,720 na vile vya Horombo mita 3,720. Kumlaza mama Tagong ni sawa na kumlaza Horombo, tena kwa gari, bila zile siku mbili za kupanda kwa miguu ambazo humpa mpandaji nafasi ya kuzoea. Isitoshe, barabara ya kutoka Chengdu, mji ulio kwenye mita 500 tu, hupitia Kangding na kuvuka kipito cha Zheduo chenye mita 4,298 kabla ya kuteremka upande wa pili. Kijana mwenye afya huvumilia njia hiyo kwa maumivu ya kichwa ya siku moja au mbili. Mama wa miaka 61 anayetumia dawa za presha, na ambaye amekuja kupumzika, sioni sababu ya kumpitisha huko.

Kwa hiyo nakushauri mwende Xiahe, katika mkoa wa Gansu, na uzuri wake mkubwa kwa mama yako ni kwamba njia yenyewe ni ngazi. Kutoka Chengdu mtapanda treni ya mwendokasi hadi Lanzhou, ambako ni mita 1,500, yaani kimo kinachokaribiana na Lushoto anayoijua. Laleni hapo usiku mmoja. Kutoka Lanzhou barabara huchukua saa nne hivi, ikipitia Linxia kwenye mita 1,900, na kufika Xiahe kwenye mita 2,900. Laleni Xiahe usiku mbili kamili kabla ya kwenda malishoni. Malisho ya Sangke yako kilomita chache tu kutoka mjini, na yale ya Ganjia yako mbele kidogo upande wa kaskazini. Yote yamezidi mita 3,000 kwa kiasi kidogo, hivyo hatua ya mwisho ni fupi sana. Upo pia uwanja wa ndege wa Gannan Xiahe, nao unavutia kwa sababu unafupisha safari, lakini uko kwenye mita 3,190, na mgeni anayeshuka pale akitokea pwani hulipa kwa kichwa na tumbo muda wote aliodhani ameuokoa. Niliwahi kumpokea mama mmoja aliyefika kwa ndege, na siku zake mbili za kwanza aliziona kupitia dirisha la chumba.

Ukihesabu pamoja na siku tano za malishoni na usiku mmoja wa Lanzhou mkirudi, hizo ni siku tisa hivi, si tano. Nakuomba uongeze, na kama ruhusa ya chuo haitoshi, ni afadhali mpunguze siku za mjini Chengdu kuliko kupunguza siku za kuzoea kimo.

Huenda mtu akakuuliza kama huko ni Tibet kweli. Xiahe imo katika Wilaya ya Kujitawala ya Watibeti ya Gannan, na Watibeti wenyewe huiita nchi hiyo Amdo, mojawapo ya sehemu tatu kubwa za nchi yao ya jadi. Haimo katika Mkoa wa Kujitawala wa Tibet wenye mji mkuu wa Lhasa, ambako mgeni kutoka nje ya China hawezi kuingia bila kibali maalumu na safari iliyopangwa na wakala. Amdo kwa kawaida hauhitaji kibali hicho. Wewe utatumia hati yako ya ukaazi na mama ataingia kwa visa yake ya China. Hata hivyo maeneo ya Watibeti huweza kufungwa kwa wageni bila taarifa ndefu, hasa kuelekea mwezi wa Machi, kwa hiyo hata katika Julai piga simu kwenye nyumba ya wageni siku chache kabla ya kuondoka, na pasipoti zote mbili ziwe karibu, kwa maana zitaangaliwa njiani na mtakapolala.

Sasa nije kwenye afya, ambako sitapita haraka. Hewa ya malishoni ina oksijeni kwa uwiano ule ule wa pwani, ila mgandamizo wake ni mdogo, na kwenye mita 3,100 kila pumzi huleta karibu asilimia 70 tu ya oksijeni anayoivuta mama yako akiwa Tanga. Mwili hujibu kwa kupumua haraka na kuongeza mapigo ya moyo, nayo presha hupanda kidogo katika siku za mwanzo. Usiku wa kwanza na wa pili usingizi huwa wa mang'amung'amu: pumzi huenda mbio, hukatika kwa sekunde kadhaa, kisha hurudi kwa mvuto mkubwa unaomwamsha mtu akidhani ameota jambo baya. Mweleze mapema, ili asitishike. Ndiyo maana nasema mapumziko ya huko huanza siku ya tatu, na anayekaa siku mbili pekee huondoka asubuhi ile ambayo mwili wake ulikuwa umekubali kukaa.

Presha iliyotulia kwa dawa si kizuizi, lakini daktari wake na amwone kabla ya safari na kusema neno. Dawa zake azibebe mkononi, za siku nyingi kuliko za safari, na mchukue kipimo cha presha cha nyumbani mumpime asubuhi na jioni. Ipo dawa iitwayo asetazolamidi ambayo husaidia mwili kuzoea kimo. Kwa kawaida hutumika miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Dawa hiyo huongeza mkojo, na kama baadhi ya dawa zake za presha nazo ni za kukojosha, au kama hupatwa na mzio wa dawa za salfa, basi uamuzi ni wa daktari. Kwa njia niliyoieleza, wengi hawaihitaji. Mkibeba kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, msishtuke kuona 90 mahali ambapo hospitali ya Tanga ingewaonyesha 98.

Jambo ninalolisisitiza kuliko presha, na ambalo miongozo mingi ya safari hailitaji kwa sababu haikuandikwa kwa ajili yetu, ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande kabisa. Lakini hata mwenye kurithi jeni moja tu, ambaye ameishi miaka yote bila kuugua na pengine hajui kuwa anayo, anaweza kwenye kimo kikubwa kupatwa na maumivu makali ya bandama, chini ya mbavu za kushoto. Jeni hiyo imeenea pwani yetu na katika kanda ya Ziwa Victoria. Mama apimwe damu kabla ya kukata tiketi, nawe pia, kwa kuwa ni damu moja. Ikionekana kwamba anayo, mimi nisingempeleka malishoni. Ningemtafutia nyumba tulivu chini ya mlima Qingcheng, karibu na Chengdu, kwenye misitu isiyofika hata kimo cha Lushoto, na mama angepumzika vizuri huko bila kuhatarisha chochote.

Maumivu madogo ya kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula ni mambo ya kutarajia, na dawa yake ni kukaa pale pale, kunywa maji na kutopanda zaidi. Lakini akianza kuyumba kama mlevi, akisema maneno yasiyoeleweka, au akihema hali amekaa kitako, msingoje asubuhi. Shukeni kuelekea Linxia usiku huo huo. Tiba ya kweli ni kushuka, na mtungi wa oksijeni wa nyumba ya wageni ni wa kuwasaidia njiani tu.

Wenyeji wenu hawatahema, na si mazoea peke yake. Katika malisho yale yale ya Ganjia liko pango la Baishiya, kwenye mita 3,280, ambalo ni mahali patakatifu kwa Wabudha. Mwaka 1980 mtawa mmoja aliokota humo kipande cha taya, na mwaka 2019 wanasayansi walitangaza kwamba ni taya ya Mdenisova, yaani binadamu wa kale wa jamii iliyokwisha kutoweka, yenye umri usiopungua miaka 160,000. Watibeti wa leo wana aina ya jeni iitwayo EPAS1 inayowawezesha kuishi kwenye hewa nyepesi bila damu yao kuwa nzito kupita kiasi, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba waliirithi kutoka kwa jamii hiyo. Mama yako, kwa kuwa ni mwalimu, nadhani atapenda kulijua hili atakapomwona bibi wa umri wake akipandisha ndoo mbili za maziwa kilimani huku akiimba.

Kuhusu nyumba, jihadhari na mahema yaliyopangwa kando ya barabara ya Sangke, yenye farasi wa kukodi, vipaza sauti na nyama choma hadi usiku. Hayo yaliwekwa kwa ajili ya watu wa mjini wanaokuja kwa saa mbili. Tafuta nyumba ya familia inayofuga kweli, iliyo mbali na barabara, hata kama ni ya kawaida sana. Kabla ya kulipa, uliza kwa maneno wazi kama choo kimo ndani, kama kuna maji ya moto, kama chumba kina jiko au blanketi la umeme, kama wamezoea kuandikisha wageni wa kigeni polisi, na kama mbwa hufungwa. Suala la choo na lile la mbwa ni jambo moja. Mbwa wa Kitibeti ni wakubwa na wakali, wengi hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, na mama anayeamka mara mbili kwa sababu ya dawa zake hapaswi kutoka nje gizani. Mkikaribia hema au nyumba yoyote mchana, simameni mbali mpige hodi kwa sauti hadi mwenyeji atoke. Jiko la chuma la katikati ya chumba huwashwa kwa kinyesi kikavu cha yaki, ng'ombe wa manyoya marefu wa huko, ambacho huwaka vizuri na hakina harufu mbaya kama mtu anavyodhani. Lakini msilale likiwaka huku madirisha yote yamefungwa, kwa ajili ya ile hewa ya sumu isiyo na harufu.

Chakula hakitawasumbua, na hapa ndipo Xiahe inapowafaa ninyi zaidi ya miji mingine ya Watibeti. Linxia mtakayoipitia ni mji wa Waislamu wa Kihui, wenye misikiti mingi hivi kwamba Wachina huuita Makka Ndogo. Shukeni hapo mle mchana na kuswali. Xiahe nako wako Wahui wenye msikiti na migahawa yao, na utaitambua migahawa hiyo kwa maandishi ya qingzhen, yaani halali. Malishoni kwenyewe familia ni za Kibudha, kwa hiyo nyama ya kuchinjwa nyumbani haitawafaa. Waambie mapema, nao hawataona ajabu, maana wameishi jirani na Waislamu vizazi na vizazi. Mnaweza kununua nyama kwa mchinjaji wa Kihui mjini mkaenda nayo, au mkatosheka na mayai, mikate, mboga na maziwa ya mgando ya yaki, ambayo ni mazito na matamu. Asubuhi mtapewa tsampa, unga wa shayiri iliyokaangwa, ambao huwekwa bakulini pamoja na siagi, jibini kavu na chai, kisha hufinyangwa kwa vidole mpaka ushikane. Mtu aliyelelewa kwa ugali hahitaji kufundishwa mara mbili. Chai ya huko mara nyingi hutiwa chumvi, na mwenyeji hujaza bakuli kila linapopungua, kwa hiyo kwa ajili ya presha ya mama ombeni ya kwake isiyo na chumvi, naye akishatosheka aliache bakuli lake limejaa.

Kibla chenu hakitakuwa kaskazini kama Tanga, bali magharibi karibu kabisa. Na kwa kuwa China nzima hufuata saa ya Beijing, jua la Julai hutua Xiahe karibu saa mbili na nusu usiku, hivyo magharibi na isha zitachelewa kuliko alivyozoea, na ni vyema mama alale kidogo mchana.

Mtafanya nini siku nzima? Mtatazama kazi, na kwa mtu aliyefanya kazi miaka 40 hakuna pumziko linalozidi hilo. Alfajiri wanawake hukamua yaki wa kike, ambao Watibeti huwaita dri, wakati umande ungali mweupe. Baadaye kundi hupelekwa juu, na waliobaki hutandaza kinyesi kukauka na kutengeneza siagi. Kufikia saa saba mchana mawingu huanza kujikusanya, na alasiri mara nyingi huja mvua fupi, pengine ya mawe, ambayo mtaisikiliza mkiwa karibu na jiko. Jioni kundi hurudi. Katikati ya hayo kuna matembezi mafupi ya tambarare penye maua, kwenye makundi ya marmoti, ambao kwa mbali mama atawadhani ni pimbi. Wasiguswe, kwa kuwa hubeba vijidudu vya tauni. Mchana jua ni kali sana hata kukiwa na ubaridi, hivyo kofia, miwani na mafuta ya kukinga jua ni vya lazima, na usiku joto hushuka kiasi cha kuhitaji sweta nzito, soksi na kilemba cha sufu. Yale madira ya Tanga yatamfaa kwa kuvaa juu ya nguo za joto, si peke yake.

Siku mbili za Xiahe zitumieni taratibu katika monasteri ya Labrang, iliyoanzishwa mwaka 1709. Njia inayoizunguka ina urefu wa kilomita tatu hivi na safu ndefu za magurudumu ya sala. Watu huizunguka kwa kufuata mkono wa saa, nanyi mkipita hapo fuateni mwelekeo huo kwa heshima yao. Msipige picha ya mtu bila ruhusa. Ninyi pia mtaombwa picha, na watu watawatazama sana, kwa sababu Waafrika wanaofika huko ni wachache; karibu mara zote ni udadisi wa wema, na salamu ya "cho demo" hugeuza mtazamo kuwa kicheko. Mtu akijitolea kuwapeleka mahali pa maziko ya angani, ambako Watibeti huwaachia tai miili ya wafu wao, kataeni. Ule ni msiba wa familia ya mtu, na sisi tunajua jinsi msiba unavyostahiwa. Ndani ya nyumba, msitupe takataka katika moto wa jiko na msiunyooshee miguu, na kitu mnachopewa mkipokee kwa mikono miwili.

Mkiondoka, shukeni hadi Lanzhou kwa siku moja bila wasiwasi, kwa kuwa kushuka hakuhitaji hatua. Ila mlale hapo usiku mmoja kabla ya treni au ndege, kwa maana mvua za Julai huporomosha udongo barabarani na gari la saa nne laweza kuchukua saa nane, na pesa taslimu kidogo ziwe mfukoni mwa mama mwenyewe, asitegemee malipo ya simu yako peke yake.